Rangi Tatu

Kwa karibu miaka mitatu nilimdanganya mama yangu kwa neno moja tu, na neno lenyewe wala halikuwa la uongo. Akipiga simu na kuniuliza kazi inaendaje, nilimjibu, "Inaenda, mama. Bado niko kwenye rangi." Yeye alielewa kuta. Mimi nilimaanisha kucha.

Mbaya zaidi, nilikuwa nakaa Mbagala Rangi Tatu. Mama alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alifurahi sana. Alidhani nimepata chumba kwenye mtaa wa mafundi rangi, na sikumsahihisha. Uongo ukishajengewa nyumba nzuri hivyo, nani anataka kuubomoa?

Nilishuka Dar mwaka 2015 kutoka Njombe, kidato cha nne nimemaliza na matokeo ambayo nyumbani hayakuzungumzwa kwa sauti. Mjomba wangu ni fundi rangi kweli, wa nyumba, na ndiye aliyenipokea. Alinifundisha kupiga msasa, kuchanganya rangi na kuvuta brashi mpaka mwisho bila kuinua mkono. Kisha masika yakaja, kuta zikawa mbichi, kazi zikakatika, na mjomba akapata tenda mkoani ambako hapakuwa na nafasi yangu. Jamaa niliyekuwa napanga naye chumba alikuwa na kikapu. Ndani yake chupa kama thelathini za rangi ya kucha, pamba, asetoni, tupa, jiwe la kusugulia visigino, beseni dogo na kitaulo. Akaniambia, "Wewe si fundi rangi? Ukuta umepungua tu ukubwa."

Kama umewahi kuishi Dar unawajua hawa vijana. Wanapita mtaani na kikapu mkononi, wanakaa chini mbele ya mwanamke aliyekaa juu, wanamwosha miguu, wanamsugua, wanampaka. Na unayajua maneno yanayosemwa juu yao. Waume hawapendi, mashehe na wachungaji hawapendi, na wanaume wenzao wakipita wanatupa neno. Mimi mwenyewe kabla sijashika kikapu nilishawahi kulitupa.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama muuza vitumbua. Alijua kabisa sijui. Nilimshika kidole kama mtu aliyeshika samaki hai, naye akaniangalia, akasema, "We mtoto, jifunzie kwangu, ila ukinichafua na kesho unarudi kunifuta bure." Kesho yake nikarudi kumfuta bure. Na keshokutwa. Siku ya nne ndipo alipotoa buku.

Alichonifundisha yule mama kwa kukosewa mara tatu, nakupa wewe hapa bila kikapu na bila aibu, maana Pasaka inakaribia na najua kuna mtu anasoma haya akiwa ameficha vidole.

Kwanza, mkono mkavu na usio na mafuta. Watu wanaosha mikono, wanajipaka losheni, halafu wanashangaa rangi inabanduka siku ya pili. Ukishaosha na kukausha, pitisha pamba yenye asetoni kidogo juu ya kila kucha hata kama haina rangi. Unaondoa mafuta. Mjomba alikuwa anafuta vumbi ukutani kabla ya kupaka, ni kitu kilekile. Kisha tupa: vuta upande mmoja, usikate kama msumeno, kucha inachanika matabaka.

Pili, usitikise chupa. Ukitikisa unaingiza hewa, na hewa itakuja kuonekana kwenye kucha kama vipele. Izungushe katikati ya viganja kama unavyopekecha kijiti.

Tatu, vuta mara tatu tu: katikati, kushoto, kulia. Basi. Anayerudia mara ya nne anavuruga. Na tabaka liwe jembamba, jembamba kiasi cha kukuudhi, ukuta wa chini uonekane. Subiri, upake la pili. Rangi ya kucha haikauki kama nguo. Ndani yake kuna vimiminika vinavyoruka hewani na kuacha utando mgumu. Ukipaka nene, utando unafunga juu huku chini bado ni uji. Unadhani imekauka, unashika mkoba, na alama ya zipu inabaki kidoleni mpaka Jumatatu.

Huo utando unatokana na kitu kinachoitwa nitroselulosi. Nilikuja kusoma baadaye kwamba katika miaka ya 1920 kitu hichohicho ndicho kilichokuwa kwenye rangi za magari, na kwamba kampuni ya Revlon ilipoanza Marekani mwaka 1932, bidhaa yake ya kwanza ilikuwa rangi ya kucha. Nilifurahi kama mtu aliyeonyeshwa ukoo wake. Kumbe na mimi nilikuwa fundi rangi wa kweli, wa tawi dogo la familia.

Kwenye hiyo kazi kuna misimu. Krismasi wanataka nyekundu na kijani. Idd wanataka kucha ziachwe wazi kwa ajili ya hina, kazi ya akina mama wenyewe, mimi nabaki na visigino. Siku ya Wapendanao ni mioyo. Ila Pasaka ndiyo ilinifanya niwe mchoraji, kwa sababu ya simu. Dada mmoja, mwaka 2016, alinionyesha picha ya kucha za Ulaya: rangi laini kama maziwa yaliyotiwa maji ya maua, mayai yenye mistari, vifaranga, na sungura.

"Nataka hivi."

"Sungura wa nini?"

"Si ndiye anayeleta mayai."

Nikamwambia sungura hatagi. Akasema ameona. Mtaa mzima ukaingia kwenye mjadala, na mzee mmoja aliyekuwa anacheza bao akamaliza kwa kusema kwamba sungura tunayemjua sisi angeweza kabisa kuyaleta mayai, lakini swali lingekuwa ameyaiba kwa nani. Wazungu, hasa Wajerumani, ndio wenye huyo sungura wa Pasaka tangu zamani. Wetu ni wa hadithini, mjanja, anayeishi kwa kuwapumbaza wakubwa. Nilimchora hivyohivyo, masikio mawili na tumbo, na nikachukua mia tano ya nyongeza. Jioni mama akapiga simu. "Unapaka wapi siku hizi?" Nikasema, "Kwa watu binafsi."

Sasa hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa Pasaka mtu anayeanza hahitaji chupa thelathini. Anahitaji rangi tatu: nyeupe, njano na zambarau, pamoja na kijiti cha kusafishia meno na chupio la nywele. Nyeupe ni ya Pasaka yenyewe, zambarau ni ya Kwaresima inayoisha, na njano ni ya kifaranga. Kwa hizo tu unapata michoro mitano, na hakuna hata mmoja unaohitaji uwe umejaliwa kipaji.

Rahisi kuliko yote ni vidoti. Paka nyeupe matabaka mawili. Dondosha tone la zambarau juu ya kipande cha karatasi ngumu au mfuko wa nailoni, chovya ncha ya chupio, gusa kucha na uinue moja kwa moja juu. Usiburuze. Chovya kila mara kama unataka vidoti sawa. Usipochovya, kila kinachofuata kitakuwa kidogo kuliko cha mwanzo, na hilo nalo ni pambo: panga kutoka kikubwa hadi kidogo, umepata yai la Pasaka.

Ua ni vidoti vitano vyeupe kwa duara juu ya zambarau, na kidoti cha njano katikati. Nani atakuambia siyo ua?

Kifaranga ni kucha nzima ya njano. Macho ni vidoti viwili vya zambarau, vidogo, kwa kijiti cha meno. Mdomo, ukiwa na rangi ya chungwa, ni alama ndogo ya V. Usipokuwa nayo, weka zambarau hiyohiyo. Siri ni kuyaweka macho karibu karibu. Ukiyaachanisha sana unapata chura.

Mistari ya yai inahitaji selotepu. Ikate vipande vyembamba, ibandike kwanza mgongoni mwa mkono mara mbili tatu ipunguze gundi, halafu ibandike kwenye kucha iliyokauka kabisa. Paka juu, ivute ingali mbichi. Hapa wanaoanza hukosea sana kwa haraka: kama ya chini haijakauka, selotepu inaondoka na ukuta.

Na msalaba. Juu ya nyeupe, kijiti cha meno, mstari mmoja mrefu na mmoja mfupi. Wateja wengi waliutaka kwenye kidole cha pete peke yake. Nilikuwa nashusha pumzi kabla ya kuuchora. Mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa, mkono ulikuwa unajua.

Kabla ya kupaka ile ya kung'arisha juu, subiri kama dakika kumi. Ukiharakisha, brashi inaikokota michoro yote, na kifaranga wako anabaki na michirizi kama aliyelia. Pitisha brashi pia kwenye ncha ya kucha, ukingoni, maana rangi huanzia huko kubanduka. Na ukijipaka mwenyewe, anza na mkono wako mzuri, upakwe na ule mkono usiojua, wakati bado huna kidole kibichi cha kuogopa. Kilichomwagikia ngozini kifute na kijiti ulichokizungushia pamba yenye asetoni. Nusu ya usafi mnaousifia kwa mafundi ni kufuta tu.

Nimeandika haya haraka lakini kuyajua kulichukua mikono mingi. Na ukishika mikono ya watu mwaka mzima unaanza kuisoma bila kutaka. Kucha ya mkono inasogea karibu milimita tatu kwa mwezi. Mteja akija na rangi ya zamani, nilikuwa naangalia pengo kule chini kwenye shina na kujua ni lini mara ya mwisho alipata nafasi ya kukaa chini akahudumiwa. Wengine pengo lilikuwa jembamba. Wengine rangi ilikuwa imebaki ncha tu, kama kisiwa. Dada mmoja alikuja kufutwa tu, asipakwe kitu, kwa kuwa kesho yake anafanyiwa upasuaji na wamemwambia kucha ziwe wazi, wauguzi waone rangi yake mwenyewe. Nilimfuta taratibu, kidole kimoja kimoja, akiwa ananiangalia. Sikuchukua hela. Mwezi mmoja baadaye alirudi, akataka nyekundu kumi zote.

Hayo ndiyo niliyokuwa nataka kumsimulia mama kwenye simu, na ndiyo ambayo sikuweza.

Mwaka 2018 Pasaka iliangukia tarehe 1 Aprili. Niliondoka Ubungo alfajiri ya Alhamisi Kuu na basi la Njombe, na kwenye begi nilikuwa na mchele, sukari, kitenge cha mama, shati la baba, na chini kabisa, ndani ya soksi, chupa nne: nyeupe, njano, zambarau na ya kung'arisha, na kichupa cha asetoni. Vilikuwa vya mdogo wangu wa kike, kidato cha pili, aliyeniomba kwa siri. Nilijiambia ni zawadi tu. Hata mtu anayefanya kazi kiwanda cha simenti anaweza kumnunulia mdogo wake rangi ya kucha.

Mtu akitoka pwani halafu basi likapanda Kitonga, masikio yanaziba na jasho linakauka lenyewe. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwishoni mwa mwezi wa tatu mvua bado inanyesha. Nilipofika ilikuwa usiku na ukungu. Mama alikuwa ananingoja mlangoni na kanga mbili mabegani. "Kamwene, mwanangu." Akanishika mikono yote miwili, akaipeleka kwenye mwanga wa taa, akaiangalia. "Mikono laini hii," akasema. "Rangi za siku hizi haziunguzi?" Nikasema siku hizi tunavaa glovu.

Mama yangu ni mchuma chai. Kwa ambao hamjaona mikono ya mchuma chai: utomvu wa majani unaingia kwenye ngozi ya kidole gumba na cha shahada, unakaa kwenye mistari na pembeni mwa kucha, na baada ya miaka unakuwa mweusi kama wino. Hautoki kwa sabuni. Kila Jumamosi ya kuamkia Pasaka mama huchukua limau, akalikata vipande viwili na kusugua vidole, kwa sababu kesho yake ataipokea Meza ya Bwana na hapendi mchungaji aione ile mikono. Namwona akisugua hivyo tangu sijaanza shule. Hautoki, na mwaka unaofuata anasugua tena.

Jumamosi hiyo tulikuwa jikoni, jiko la kuni, mvua nje. Mama yuko pembeni na limau lake. Baba alikuwa ameenda kanisani kupanga viti. Mdogo wangu akaniambia kwa macho: sasa. Nikatoa soksi.

Nilipanga kumpaka vibaya. Kweli kabisa, nilipanga kumpaka kama kaka anayejaribu, nikosee kosee, tucheke. Lakini mkono hausikilizi mipango. Nilimfuta mafuta kucha zote bila kufikiri. Nikaizungusha chupa viganjani. Nikamshika kidole kwa dole gumba na cha kati, nikakiegemeza juu ya goti langu, katikati, kushoto, kulia. Nyeupe. Kidole kinachofuata. Sikuwa nasikia tena mvua.

Kwa baridi ile rangi ilikataa kukauka. Dar unahesabu dakika chache unaendelea. Njombe tulingoja na kungoja. Mdogo wangu akachoka. Akanyoosha vidole kuelekea motoni ili vikauke upesi, na hapo nikaruka, nikamvuta mkono kwa nguvu mpaka akapiga kelele. "Usiweke karibu na moto! Hiyo inawaka kama petroli! Na hiyo asetoni, toa hapo, toa!" Nikaisukuma chupa mbali na mafiga, nikamfungulia mlango, nikamkalisha penye hewa. Yote hayo kwa sauti niliyokuwa naitumia kwa wateja wanaovuta sigara.

Nilipogeuka, mama alikuwa ameacha kusugua.

"Rangi ya nyumba nayo inapakwa hivyo?" akauliza.

Sikujibu.

"Nimekuangalia tangu mwanzo. Mjomba wako namjua anavyoshika brashi." Akakamua limau tone la mwisho, akalitupa motoni, likalia. "Hiyo kuta yenu ya Dar ina vidole?"

Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Ya wanawake."

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu masika ya kwanza. Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na vidole kumi vimenyooshwa kama mtu aliyekamatwa na polisi. Mama hakuongeza neno. Alichukua sufuria, akaenda kuteka maji ambayo hayakuwa yamekwisha.

Sikujua la kufanya na mikono yangu, kwa hiyo nikaendelea kupaka. Vifaranga viwili kwenye dole gumba, vidoti, maua, na kwenye vidole vya pete misalaba miwili ya zambarau. Baba alirudi wakati nachora wa pili. Akaangalia kwa muda. Ni mtu wa mbao, anapasua na kuranda, na fundi akimkuta fundi kazini anaangalia kwanza mstari kama umenyooka. Mstari ulikuwa umenyooka. Kisha akakumbuka kuwa yeye ni mzee wa kanisa. "Msalaba kidoleni?" akasema. Mdogo wangu akajibu kwamba shule ikifunguliwa utafutwa, hawaruhusiwi. Baba akasema afadhali shule, akaingia ndani.

Usiku ule, baba akiwa amelala, mama alikuja jikoni akakaa. Akachukua ile chupa ya kung'arisha, akaigeuza kwenye mwanga wa makaa.

"Hii nayo ni ya rangi gani?"

"Haina rangi, mama. Inang'arisha tu. Ukiipaka hakuna atakayejua."

Akafikiri. "Basi ina faida gani?" Akanirudishia. Akanyoosha vidole vyake viwili vyeusi mbele ya uso wangu, akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mchana. "Mimi nina rangi yangu. Na hii haifutiki kwa pamba yako." Kisha akasema, bado anaangalia makaa, "Baba yako umwambie wewe. Mimi sitadanganya kwa niaba yako."

Nilimwambia Jumapili baada ya ibada, tukiwa mezani, wali na kuku. Nilisema moja kwa moja: baba, mimi siyo fundi rangi wa nyumba, napaka kucha za wanawake mtaani, nawaosha miguu, ndiyo inayolipa ada ya huyu. Kimya. Mdogo wangu, kwa kunionea huruma, akasema upesi, "Leo tarehe moja Aprili, baba. Siku ya wajinga." Ningeweza kuchukua hiyo njia. Ilikuwa wazi kabisa. Sungura yeyote angepita. Nikasema hapana, siyo mzaha.

Baba alimaliza nyama yake. Akanawa. Aliuliza swali moja tu.

"Ukiwaosha hiyo miguu, unakaa juu ya nini?"

Sikulitegemea. "Juu ya ndoo," nikasema. "Naigeuza."

Akanyanyuka akaenda zizini, na hakurudi mpaka jioni. Sala ya usiku huo aliiongoza kama kawaida. Alisoma sehemu ya Yohana ambapo Yesu anawatokea wanafunzi wake waliojifungia ndani na kuwaonyesha mikono yake. Ndiyo habari inayosomwa siku hizo, hakuichagua kwa ajili yangu. Lakini sikumbuki kuisikia kabla ya hapo. Mdogo wangu alikuwa amekaa na mikono chini ya mapaja. Mama yake ilikuwa juu ya meza.

Jumatatu ya Pasaka nilisikia randa kabla hakujapambazuka. Sikutoka. Jumanne, tukienda stendi, baba alikuwa amebeba kitu kwenye gunia, na alinikabidhi basi likiwa tayari linanguruma. Kilikuwa kigoda cha msindano, kifupi, miguu minne, kingo zimepigwa msasa mpaka zikawa mviringo. Hakikupakwa rangi yoyote. "Ndoo inaharibu mgongo," akasema. Hakusema amefurahi na hakusema amesamehe, na mpaka leo hajawahi kunitajia kazi hiyo tena. Akinipigia anauliza kuhusu mvua.

Kigoda ninacho. Kikapu nilikiacha baadaye nilipopata kibanda, na siku hizi nafundisha wengine, wa kike na wa kiume, kuanzia kidoti. Nikiwa na mwanafunzi mpya namkalisha pale, namwambia aegemeze mkono wake kwenye goti kabla hajagusa kidole cha mtu, maana mkono unaoning'inia unatetemeka. Na namwambia akae mbali na moto.

Mdogo wangu alifuta kucha zote siku moja kabla ya shule kufunguliwa, isipokuwa kidole kidogo cha mguu, ndani ya kiatu na soksi, ambako mwalimu hafiki. Kifaranga kilikaa huko wiki kadhaa, kikisogea mbele polepole na kucha yake, mpaka kikakatwa.

Mama naye, mwaka jana, nilikuwa nimesimama nyuma yake dukani kijijini, na jirani akamuuliza yule kijana wako wa Dar siku hizi anafanya nini. Mama alikuwa anahesabu chenji. Hakugeuka kuniangalia.

"Yuko kwenye rangi," akasema.